Rekodi za Gesi ya Baharini, Zikipimwa kutoka Nyahanga

Ukanda wa dhahabu umezoea rekodi. Kahama, Msalala na Geita, kila mtu anajua mgodi mkubwa ni upi, duara refu, yaani shimo la uchimbaji, ni la nani, na jiwe lililotoa gramu nyingi lilipasuliwa mwaka gani. Hizo ni rekodi za vitu vilivyokwisha kutoka ardhini. Rekodi za gesi asilia ya Tanzania ni za namna nyingine, kwa sababu nyingi zinahusu vitu ambavyo bado viko chini. Ndiyo maana inafaa zipimwe kutoka Nyahanga, kata ya Manispaa ya Kahama iliyo karibu kilomita 1,000 za barabara kutoka Dar es Salaam, kwa mizani ya watu wanaojua kuwa mwamba uliopimwa si sawa na dhahabu iliyouzwa.

Kina

Mapema mwaka 2012, Statoil ya Norway, ambayo leo inaitwa Equinor, ikishirikiana na ExxonMobil ya Marekani, ilichoronga kisima cha Zafarani katika kitalu namba 2 cha bahari kuu. Maji peke yake mahali hapo yana kina cha mita 2,582. Ziwa Tanganyika, lenye kina kirefu kuliko maziwa yote ya Afrika, lina mita 1,470 pale lilipozama zaidi. Kahama yenyewe iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kutoka kwenye meli hadi sakafu ya bahari pale Zafarani ni zaidi ya mara mbili ya mwinuko wetu wote. Na hapo mwamba bado haujaguswa.

Katika kina hicho meli ya uchorongaji haitii nanga. Inasimama mahali pamoja kwa nguvu za propela zilizo chini yake, ambazo kompyuta inaziongoza muda wote kwa kufuata setilaiti, ili meli isisogee na kulipinda bomba la kuchorongea. Kisima kimoja cha aina hiyo huweza kupita dola milioni 100. Mwenye duara analipa wachimbaji, kompresa na magogo ya kushikilia kuta, na akikosa mwamba anahamia hatua mia mbele. Kampuni ya bahari kuu nayo hukosa, ila kwenye duara unaweza kukosa mara kadhaa na jioni ukala ugali wako.

Walioanza kupata hawakuwa Wanorway. Kisima cha kwanza cha bahari kuu kilichokuta gesi ni Pweza, mwaka 2010, kazi ya Ophir na BG ya Uingereza. Kundi hilo likaendelea na majina ya baharini: Chewa, Chaza, Jodari, Papa, Ngisi, Mkizi. Statoil wakachagua ya jikoni: Zafarani, Lavani, Tangawizi, Piri, Giligilani, Mdalasini. Ukiyasoma kwa pamoja unapata pilau ya samaki, na kwa miaka zaidi ya kumi sasa haijapakuliwa.

Kazi yenyewe haikukosa visa. Oktoba 2011, wakati Petrobras ya Brazil ikitafiti nje ya kisiwa cha Mafia, maharamia waliivamia meli iliyokuwa ikihudumia utafiti huo, na wanajeshi wa Tanzania wakawakamata saba. Petrobras haikupata gesi ya kibiashara huko, ikaondoka.

Wingi

Takwimu rasmi inayorudiwa kila bajeti ya nishati ni futi za ujazo trilioni 57.54. Kati ya hizo, trilioni 47.13 ziko bahari kuu, na zilizobaki, kama trilioni 10.4, ziko nchi kavu na kwenye maji ya kina kifupi.

Mchimbaji yeyote angeuliza swali moja kabla ya kupiga makofi: hiyo ni iliyopo au ni ya kutoka? Ni iliyopo mwambani. Inayoweza kutolewa ni pungufu, na inayoweza kutolewa kwa faida inategemea bei, mkataba na mtambo. Swali la pili ni la matumizi. Ukichukua kasi ya futi milioni 200 kwa siku, ambayo haiko mbali na uzalishaji wa miaka ya karibuni, hazina yote hiyo ingechukua zaidi ya miaka 700 kuisha. Namba hiyo inafurahisha jukwaani. Ukiitazama vizuri, inakuonyesha jinsi tunavyotumia kidogo kuliko jinsi tulivyojaliwa.

Kwa wanaopenda kujilinganisha, uwanja mkubwa wa gesi kuliko yote duniani uko chini ya Ghuba, kati ya Qatar na Iran, umetanda kilomita za mraba 9,700 hivi, na upande wa Qatar pekee unakadiriwa kuwa na futi trilioni 900. Ni zaidi ya mara 15 ya hazina yetu. Tuwaachie nafasi yao.

Subira

Hapa ndipo Tanzania ina rekodi inayostahili kusimuliwa kwa urefu.

Mwaka 1974 AGIP ya Italia ilikuwa ikitafuta mafuta kwenye kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa. Ikapata gesi. Gesi wakati ule, katika nchi isiyo na viwanda vya kuichoma, ilikuwa habari mbaya kidogo, na AGIP ikaona haina biashara. Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC, lililoundwa 1969, likaendelea kuchoronga visima vya kuthibitisha. Miaka ya 1980 ikaja hesabu ya kujenga kiwanda cha amonia na mbolea Kilwa kwa kutumia gesi hiyo, na kampuni ikasajiliwa kwa jina la KILAMCO. Kiwanda hakikujengwa. Mkulima wa mpunga au tumbaku wa Kahama anayelalamikia bei ya mfuko wa urea ana haki ya kuikumbuka habari hiyo, kwa sababu urea hutengenezwa kwa gesi ya aina ileile iliyolala Songo Songo.

Kilichoiamsha ni ukame. Miaka ya 1990 mabwawa yalipungua, mgao wa umeme ukaingia, na mitambo ya Ubungo ikawa inachoma mafuta ya ndege ili Dar es Salaam isizime. Hapo gesi ya kisiwani ikapata mnunuzi. Julai 2004, miaka 30 baada ya kugunduliwa, ilianza kupita kwenye bomba la kilomita 25 chini ya bahari hadi Somanga Funga, kisha kilomita 207 za nchi kavu hadi Ubungo. Kampuni ya Songas ndiyo iliyokuwa na mtambo wa kuichakata na wa kufua umeme, na PanAfrican Energy ndiyo iliyosimamia visima. Kiwanda cha saruji cha Wazo nacho kikahamia kwenye gesi.

Mnazi Bay, Mtwara, iligunduliwa 1982 na AGIP haohao, ikaanza kutoa 2006. Miaka 24. Ukilinganisha na Songo Songo, ilikuwa na haraka.

Sasa angalia bahari kuu. Pweza ni ya 2010, na Zafarani, Lavani na Jodari zote ni za 2012. Mwaka huohuo wa 2012, kusini mwa mto Ruvuma, Eni ya Italia iliripoti uwanja wa Coral katika maji ya Msumbiji, kina cha mita 2,000 hivi, mwamba wa bonde lilelile la chini ya bahari. Novemba 2022 meli ya kwanza ya gesi iliyosindikwa iliondoka Coral kwenda sokoni. Mtambo wao wa Coral Sul hauko nchi kavu kabisa. Unaelea, una urefu wa mita 432 na upana wa 66, na ni wa kwanza wa aina yake kufanya kazi kwenye maji ya kina kirefu Afrika. Majirani walichukua miaka kumi. Haikuwa kwa sababu ya utulivu, maana mradi mwingine mkubwa wa nchi hiyo, wa TotalEnergies, ulisimama 2021 baada ya wapiganaji kuushambulia mji wa Palma. Kuelea kuliwasaidia.

Sisi tuliamua kujenga mtambo wetu nchi kavu, Likong'o, manispaa ya Lindi. Makadirio yaliyotajwa ni dola bilioni 42. Bajeti ya serikali nzima ya mwaka 2023/24 ilikuwa shilingi trilioni 44.39, yaani kwa kiwango cha fedha cha wakati ule haikufika dola bilioni 20. Mradi mmoja, bajeti mbili za nchi na chenji. Mei 2023 ilitangazwa kwamba majadiliano na Shell, Equinor na wenzao yamekamilika na kinachosubiriwa ni kusaini. Kufikia 2025 walikuwa hawajasaini.

Haki itendeke: uchelewaji huu una sababu ya kifizikia kabla ya kuwa na sababu ya kiofisi. Gesi ya karibu na ufuko unaiwekea bomba, inafika. Gesi iliyo mbali baharini, kwa wingi usiolingana na soko la nyumbani, lazima iuzwe ng'ambo, na ili ipakiwe melini lazima igeuzwe kuwa kimiminika, jambo linalohitaji baridi ya nyuzi 162 chini ya sifuri. Ikifika hapo ujazo wake unapungua mara 600. Mtambo wa kuleta baridi hiyo ndio unaokula mabilioni, na hakuna benki inayotoa mabilioni bila kuona wanunuzi wamejifunga kwa miaka ishirini. Hata Qatar walisubiri. Uwanja wao uligunduliwa 1971, na shehena ya kwanza kwenda Japani iliondoka mwishoni mwa 1996. Ila wao walishaanza.

Bomba, na ugomvi wake

Bomba refu la gesi nchini ni lile la Mtwara hadi Dar es Salaam, pamoja na tawi la Songo Songo, jumla ya kilomita 542 hivi. Lilizinduliwa Oktoba 2015, siku za mwisho za Rais Kikwete, baada ya kujengwa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Gharama ilizungumzwa kuwa dola bilioni 1.2. Linaweza kupitisha futi za ujazo milioni 784 kwa siku, na hadi sasa kinachopita humo hakijafikia nusu ya hizo.

Bomba hili lina rekodi nyingine isiyowekwa kwenye vipeperushi: hakuna mradi wa nishati uliopingwa mitaani kwa nguvu kama huu. Januari 2013 fujo zilizuka mkoani Mtwara, na Mei 22 mwaka huo, Waziri Sospeter Muhongo alipowasilisha bajeti ya nishati bungeni Dodoma, mji wa Mtwara ukalipuka tena. Watu walikufa. Wito wao ulikuwa mfupi, "gesi haitoki", na hoja yao ilikuwa kwamba viwanda vijengwe ilipo gesi, gesi isipelekwe viliko viwanda. Mtu wa Kahama aliyeishi miaka ya mgogoro wa mgodi wa Bulyanhulu hahitaji kufafanuliwa hisia hizo. Mtwara ilipata baadaye kiwanda cha saruji cha Dangote, ambacho kiliingia kwenye gesi mwaka 2018, na mtambo wa kuchakata gesi uko pale Madimba. Kama hiyo inatosha, waulizwe wao.

Ghala

Ulaya gesi huhifadhiwa kama nafaka inavyohifadhiwa ghalani, na maghala mengine yako chini ya bahari. Maarufu ni Rough, karibu kilomita 30 kutoka pwani ya Yorkshire, Uingereza. Ulikuwa uwanja wa kawaida wa gesi. Ulipopungua, mwaka 1985 ukageuzwa ghala: majira ya joto, gesi ikiwa rahisi, inasukumwa kurudi mwambani, na baridi ikija inatolewa. Kwa miaka mingi ulibeba mita za ujazo bilioni 3.3, takriban asilimia 70 ya uwezo wote wa Uingereza wa kuhifadhi gesi, chini ya kampuni ya Centrica.

Ghala la namna hii lina gharama isiyoonekana. Sehemu kubwa ya gesi lazima ibaki mwambani siku zote ili kushikilia msukumo, haiuzwi hadi siku ghala linapofungwa. Mwaka 2017 Centrica ilisema visima vimechakaa, ikafunga, ikaanza kuitoa na kuiuza hata ile gesi ya kushikilia. Miaka mitano baadaye vita vya Ukraine vikapandisha bei, na Oktoba 2022 Rough ikafunguliwa tena kwa sehemu ya uwezo wake. Ni vigumu kupata mfano bora wa kuuza ghala kabla ya njaa.

Wahispania walijaribu pia, mradi wa Castor kwenye uwanja wa zamani wa mafuta baharini, upande wa mashariki. Mwaka 2013 walipoanza kusukuma gesi chini, ardhi ikatetemeka mamia ya mara, mara nyingine kwa kipimo cha zaidi ya 4. Mradi ukafungwa, na serikali ikailipa kampuni fidia ya euro bilioni 1.35. Hiyo pia ni rekodi, ya ghala ghali ambalo halikuhifadhi kitu.

Tanzania haina ghala la kujengwa. Ghala letu ni mwamba wenyewe, na kidogo ni bomba: ukiongeza msukumo usiku, bomba la Mtwara linabeba gesi ya ziada ambayo mitambo itaichoma jioni watu wakiwasha taa. Lakini tangu 2024, mashine za umeme za Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji zilipoanza kuwashwa, kumeingia utaratibu unaofanana sana na ghala. Bwawa lina uwezo wa megawati 2,115. Mto ukijaa, mitambo ya gesi inaweza kupunguzwa, na gesi isiyochomwa haipotei, inabaki chini Mnazi Bay na Songo Songo kusubiri kiangazi. Ukipima kwa trilioni 57.54, mwamba wetu una ujazo wa Rough zaidi ya mara 400, bila kulipia hata pampu ya kurudishia. Nadhani hii ndiyo faida kubwa ya gesi ya nchi hii kwa sasa, na ndiyo inayotajwa kwa nadra.

Za haraka haraka

Kitu kirefu kwenda juu kuliko vyote ambavyo binadamu amewahi kuvihamisha ni jukwaa la gesi: Troll A la Norway, mita 472, lililokokotwa baharini likiwa limesimama wima mwaka 1995. Chombo kirefu cha kuelea ni Prelude ya Shell huko Australia, mita 488, nacho kinasindika gesi.

Uwanja wa maisha mafupi kwetu ni Kiliwani Kaskazini, jirani na Songo Songo. Kisima kimoja, kilianza kutoa gesi 2016, msukumo ukaanguka, na 2018 kikawa kimenyamaza. Matumaini ya sasa yako Ntorya, Mtwara, nchi kavu, ambako kampuni ya ARA Petroleum ya Oman ndiyo inayoendesha kazi.

Na bomba refu la mafuta ghafi yanayopashwa moto kuliko yote duniani linapita kwetu hapahapa. Lile la Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina kilomita 1,443, kati yake 1,147 ziko Tanzania, na mkuza wake unakatiza Geita na Shinyanga kupitia Kahama. Mafuta ya Uganda yana nta, yakipoa yanaganda, ndiyo maana bomba litapashwa zaidi ya nyuzi 50. Ni mafuta, si gesi, lakini katika orodha hii ndiyo rekodi pekee ambayo mtu wa Nyahanga anaweza kuifikia kwa bodaboda.

Safari ndefu

Imebaki rekodi ya umbali kati ya gesi na mtumiaji. Mitungi inayouzwa Nyahanga, ya kilo 6 na kilo 15, haimo kwenye hesabu hii. Gesi yake ni propani na butani, inaletwa kwa meli kupitia Dar es Salaam na Tanga, wakati gesi ya Songo Songo ni methani kwa zaidi ya asilimia 95. Methani haiwi kimiminika kwa kugandamizwa tu ndani ya mtungi wa kawaida, kwa hiyo Mtwara haiwezi kujaza mtungi wako hata ingetaka. Wenye majiko yanayowaka kwa gesi ya nchini ni nyumba chache za Dar es Salaam, Mtwara, Lindi na Pwani zilizounganishwa kwa bomba. Mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na kwa mikoa ya bara uzito wake mkubwa utaangukia gesi ya kuagizwa, umeme na mkaa mbadala.

Gesi ya nchini inafika Kahama kwa njia moja, waya. Inatoka kisimani Mnazi Bay, inakaushwa Madimba, inakimbia bombani hadi Kinyerezi, Dar es Salaam, ambako mtambo wa pili peke yake una megawati 240. Ikiwa umeme, inaingia gridi, inapanda Dodoma na Singida kwenye njia ya kilovolti 400 iliyojengwa kilomita 670 kutoka Iringa, inashuka Shinyanga, na kutoka hapo inapelekwa Buzwagi na Bulyanhulu. Sehemu inaishia kwenye makarasha ya wachimbaji wadogo, yanayosaga mawe mchana na usiku. Mwenye karasha analipia uniti zake kwa simu, na hakuna wa kumwambia ngapi kati yake ni za Mnazi Bay na ngapi za Rufiji, kwa sababu zilishachanganyika kabla hazijafika Dodoma.